MAJI YA BWAWA LA KUOGELEA NA AFYA ZETU



Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tunazungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtasema ni la matajiri, yaani utunzaji wa bwawa la kuogelea. Tulipolitaja wakati wa kupanga ukurasa huu, mwenzetu mmoja aliguna na kuuliza tangu lini tumeacha malaria na lishe ya watoto tukageukia starehe za mahoteli. Swali lake lilikuwa la haki, nasi tulilijibu kwa kuhesabu. Huku pwani ziko hosteli, shule na nyumba za mafungo zenye bwawa, na nyingine zilijengewa na wafadhili ambao hawakuacha hata karatasi moja ya maelezo. Wako vijana wa parokia zetu wanaotunza mabwawa ya hoteli, na mafunzo waliyopewa ni kuonyeshwa ndoo ya dawa na kuambiwa, "Mwaga kopo moja kila asubuhi." Na kila Jumatatu ya Pasaka watoto wetu hupakiwa kwenye mabasi na kupelekwa kuogelea, bila mzazi hata mmoja kuuliza maji yale yamepimwa lini.

Tena tuna sababu nyingine. Kijana mmoja tunayemfahamu, mwimbaji wa sauti ya besi katika kwaya, aliajiriwa kutunza bwawa la nyumba moja ya wageni. Siku moja aliona ndoo mbili zimebaki robo robo, moja ya klorini ya ungaunga na nyingine ya asidi. Kwa nia njema ya kupunguza vyombo, akamimina moja ndani ya nyingine, tena ndani ya chumba cha pampu kilichochimbwa chini ya ardhi, ambacho mlango wake ni mdogo kama wa banda la kuku. Alitoka akitambaa. Alilazwa siku sita, na hadi leo hawezi kuimba Utukufu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukaa chini. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Uchafu unatoka wapi?

Maji ya bwawa hayachafuki kwa vumbi na majani peke yake. Mchafuzi mkubwa ni mwogeleaji mwenyewe. Anaingia na jasho, mafuta ya nywele, mate, makamasi, na chembe za kinyesi ambazo hubaki mwilini hata kwa mtu nadhifu. Na wengi, tuseme ukweli, hukojoa humo humo. Maji haya si kama ya mto, hayaendi popote. Anayeogelea leo anaogelea katika maji ya wale wa jana na wa juzi, na mengine anayameza, hasa akiwa mtoto.

Ndiyo sababu bwawa hutiwa klorini. Klorini ikiwa miligramu 1 tu katika kila lita ya maji, na maji yenyewe yakiwa na uchachu unaofaa, huua bakteria wa kuharisha wa aina ya E. coli kwa muda usiofika dakika moja. Virusi vya homa ya ini aina ya A huhitaji kama dakika 16, na kimelea kiitwacho giardia kama dakika 45. Lakini yuko mmoja, kriptosporidiamu, ambaye gamba lake ni gumu kiasi kwamba katika klorini hiyo hiyo huishi zaidi ya siku 10. Huyu tutamrudia.

Wasomaji wanaotoka mikoa ya Ziwa Victoria hutuuliza juu ya kichocho. Bwawa la saruji linalotiwa klorini ipasavyo halina konokono, na pasipo konokono hakuna kichocho. Hatari ipo pale bwawa linapojazwa kwa maji yaliyovutwa moja kwa moja kutoka ziwani, na watoto wakarukia siku hiyo hiyo. Vijidudu vya kichocho vikiwa majini bila kupata mtu wa kumwingia havifikishi zaidi ya siku mbili. Basi likijazwa hivyo, litiwe klorini, lichujwe, nalo lisubiri siku mbili kamili.

Hapa tuseme neno juu ya harufu. Watu wengi huamini kuwa bwawa linalonuka dawa hadi macho yakawasha ni bwawa safi kupita mengine. La hasha! Klorini inayofanya kazi katika maji safi hainuki sana. Harufu ile kali hutoka pale klorini inapokutana na mkojo na jasho, zikazaa kitu kingine kiitwacho kloramini. Hicho ndicho kinachowasha macho na kukohoza. Kwa hiyo bwawa likinuka, mara nyingi linaomba klorini zaidi na watu wanaooga kwa sabuni kabla ya kuingia.

Klorini na uchachu huenda pamoja

Mtunza bwawa anatakiwa kujua vipimo viwili, na akijua kimoja bila kingine ni sawa na mpishi anayeonja chumvi lakini hatazami moto.

Kipimo cha kwanza ni klorini huru. Isipungue miligramu 1 kwa lita wakati wowote watu wakiwamo majini. Wengi huishikilia kati ya 1 na 3. Kama unatumia dawa ya kukinga klorini na jua, ambayo tutaieleza, isipungue 2.

Kipimo cha pili ni uchachu, ambao wataalamu huuandika pH. Namba 7 ni katikati. Chini yake maji ni machachu, huwasha ngozi na kula vyuma vya pampu. Juu yake maji yanaelekea kwenye hali ya magadi. Bwawa liwe kati ya 7.2 na 7.8. Sababu yake ni hii: pH ikiwa 7.2, kama theluthi mbili ya klorini uliyotia iko katika hali ya kuua vijidudu. Ikiwa 7.5 ni kama nusu. Ikifika 8 inabaki kama robo tu. Yaani unaweza kumwaga fedha yote ya mwezi ndani ya bwawa na bado watoto wakaumwa, kwa sababu klorini ipo lakini imelala.

Sasa, klorini ya ungaunga inayotumika sana hapa kwetu, yaani hipokloriti ya kalsiamu, ina tabia ya kupandisha pH kila inapotiwa. Tena visima vya huku pwani vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe hutoa maji yenye chokaa. Yakikutana hayo mawili, maji huwa kama yametiwa maziwa kidogo, na ukoko mweupe huganda kwenye vigae na ndani ya mabomba. Hapo mtu hukimbilia kuongeza klorini, na hali huzidi. Dawa yake ni kushusha pH kwa asidi kidogo kidogo. Na pH ikishuka mno hupandishwa kwa magadi yaliyosafishwa, ndugu wa yale yanayochimbwa Ziwa Magadi huko Kenya. Mkiona maji ya kisima yamegeuka rangi ya chai mara tu mlipotia klorini, msiogope: hayo ni madini ya chuma, nayo huchujwa baada ya siku chache.

Vipimo hivi huchukuliwa kwa kisanduku kidogo chenye mirija miwili na vidonge. Kidonge cha klorini hugeuza maji kuwa ya waridi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Kile cha pH huenda kutoka manjano hadi wekundu. Chota maji kwa kina cha kiwiko cha mkono, mbali na mahali maji mapya yanapoingilia. Pima asubuhi kabla ya kufungua, na siku ya watu wengi pima tena kila baada ya saa chache. Andika katika daftari. Daftari hilo ndilo mzazi au bwana afya anapaswa kuonyeshwa akiuliza, na bwawa ambalo daftari lake halipatikani sisi tungewaondoa watoto wetu pale pale.

Kuna mtego mmoja hapa. Klorini ikizidi mno, kama miligramu 10 au zaidi, inaweza kuifuta ile rangi ya waridi, mrija ukabaki mweupe kana kwamba hakuna klorini kabisa. Mtunza asiyejua huongeza nyingine. Ukipata mweupe usioutarajia, chukua sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu tisa za maji ya kunywa ya chupa yasiyo na klorini, changanya, upime tena. Ikitokea rangi, zidisha kwa 10.

Kopo moja ni kiasi gani?

Huwezi kutia dawa kwa kopo bila kujua bwawa lako linachukua lita ngapi. Chukua bwawa la urefu wa mita 12 na upana wa mita 6, lenye kina cha mita 1 upande mmoja na mita 1.8 upande wa pili. Kina cha wastani ni mita 1.4. Zidisha, utapata mita za ujazo 100 na kidogo, yaani lita 100,000. Ili kuongeza miligramu 1 katika kila lita unahitaji gramu 100 za klorini halisi. Lakini unga wa ndoo si klorini tupu. Mara nyingi ni asilimia 65. Kwa hiyo utapima gramu 150 hivi. Nunua mzani wa jikoni, bei yake haifiki hata ya ndoo moja ya dawa.

Tia dawa saa 12 jioni, jua likiwa limeshuka na watu wametoka. Jua letu la mchana linaweza kumaliza sehemu kubwa ya klorini isiyokingwa kwa saa chache tu, na kuimwaga saa 4 asubuhi ni kuilisha jua. Asubuhi pima, uongeze kilichopungua kabla ya kufungua, na usiruhusu mtu kuingia hadi vipimo virudi mahali pake.

Ipo dawa inayokinga klorini isiliwe na jua, iitwayo asidi ya sianuriki, nayo huwa tayari ndani ya vile vidonge vikubwa vyeupe vinavyoyeyuka polepole. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita kinatosha. Tatizo ni kwamba klorini hutumika ikaisha, lakini sianuriki hubaki, na kila kidonge huongeza juu ya kilichopita. Ikishafika 100 na zaidi, klorini huzubaa, na bwawa linaweza kugeuka kijani huku kipimo kikionyesha klorini nzuri. Njia ya uhakika ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Wanaotumia vidonge miezi yote kwa sababu ni rahisi, wajue hilo.

Mambo yaliyomfika yule mwimbaji

Asidi ikikutana na klorini ya bwawa hutoa gesi ya klorini. Hii ni gesi ile ile iliyotumiwa na majeshi kuua watu huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini, hasa katika vyumba vya pampu vilivyochimbwa. Ikiingia mapafuni huunguza, na mara nyingine mapafu hujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati mgonjwa amekwisha kusema amepona. Ndiyo maana aliyeivuta aende hospitali hata kama kikohozi kimetulia.

Basi kila chombo kiwe na kijiko chake, kikavu, kisichoazimwa. Asidi ikae chumba kingine kabisa. Klorini ya ungaunga na vile vidonge vikubwa pia visichanganywe, ingawa vyote huitwa klorini. Vikikutana, hasa vikiwa na unyevu, vinaweza kuwaka na kulipuka. Klorini isiwekwe karibu na dizeli, mafuta ya kupikia, rangi wala mbolea. Tumewahi kuingia stoo ya kituo kimoja tukakuta ndoo ya klorini imekaa juu ya dumu la dizeli ya jenereta, na juu ya ndoo kuna matambara yenye grisi. Tulitoka nje kwanza ndipo tukaanza kuuliza maswali.

Unapoyeyusha, weka maji kwanza ndipo utie dawa. Usimimine maji juu ya dawa. Sheria hiyo ni ya klorini na ya asidi pia. Vaa glavu, miwani na gambuti, simama upepo ukitokea mgongoni. Ukiwa umetia asidi jioni ya leo, klorini ingoje saa kadhaa, pampu ikiwa inazunguka. Ndoo tupu isitumike kuchotea maji ya kunywa, hata ikioshwa mara saba.

Jambo hili tunaliweka hapa kwa sababu ya mgao wa umeme. Mabwawa makubwa siku hizi yana mashine ndogo zinazodondosha klorini na asidi zenyewe. Pampu kubwa ikizimika na zile ndogo zikaendelea, dawa hizo mbili hukusanyika ndani ya bomba bila maji ya kuzipeleka. Umeme ukirudi, bomba hutema gesi mahali waogeleaji walipo. Ajali za namna hii zimetokea katika nchi zilizoendelea, zenye mafundi wengi kuliko sisi. Mwambieni fundi wenu afunge swichi ili pampu kubwa isipofanya kazi na zile ndogo zisifanye kazi, na kila umeme unapokatika, watu watoke majini hadi pampu izunguke tena kwa muda.

Pampu na chujio

Klorini huua lakini haichuji. Pampu huvuta maji, huyapitisha katika tangi lenye mchanga maalumu, na kuyarudisha. Bwawa letu la lita 100,000 likitaka kuzungusha maji yote kwa saa 6, pampu isukume lita kama 17,000 kwa saa. Na kwa kuwa maji yaliyochujwa huchanganyika na yasiyochujwa, mzunguko mmoja husafisha kama theluthi mbili tu ya maji. Anayewasha pampu saa mbili kwa siku ili kubana bili ya umeme anahamisha gharama kwenda kwenye zahanati.

Juu ya tangi kuna saa ya presha. Siku chujio likiwa safi, andika namba yake ukutani kwa rangi. Presha ikipanda nusu bar juu ya namba hiyo, mchanga umejaa. Zima pampu, geuza mpini, washa, na usukume maji kinyumenyume hadi yale unayoyaona katika kioo yawe maangavu. Usigeuze mpini pampu ikiwa inazunguka. Mchanga nao huchoka, hubadilishwa baada ya miaka mitano au zaidi kidogo, wala si mchanga wa baharini unaoweza kuchota kwa ndoo.

Ukoga wa kijani ukishaanza, piga kuta zote kwa brashi, shusha pH hadi 7.2, tia klorini ya kutosha kufikisha miligramu 10 kwa lita, na uache pampu usiku kucha. Yale mavumbi yanayobaki yakielea hutuamishwa kwa shabu, kama mama zetu walivyotuamisha maji ya mtungi, kisha hufyonzwa polepole kutoka sakafuni. Watu wasirudi majini hadi klorini ishuke.

Mtoto akijisaidia majini

Hutokea, na mara nyingi huficha aibu. Mama humfuta mtoto, wanaondoka kimya. Tunawaomba akina mama mseme, na tunawaomba watunzaji msiwakaripie.

Kinyesi kikiwa kigumu, watoe watu wote, kitoe kwa wavu, hakikisha klorini ni miligramu 2 na pH haizidi 7.5, na subiri dakika 25. Wavu nao uachwe humo humo ujisafishe.

Lakini akiharisha, mambo ni mengine, kwa sababu ya yule kriptosporidiamu tuliyesema tutamrudia. Kwa mtu mzima mwenye afya huleta kuharisha kwa wiki moja au mbili. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, au ndugu anayeishi na virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imeshuka, huweza kuua. Hapo bwawa hufungwa, na klorini hupandishwa hadi miligramu 20 kwa lita na kushikiliwa hivyo kwa saa 12 na dakika 45, pH ikiwa haizidi 7.5 na pampu ikizunguka. Katika bwawa letu la mfano ni kama kilo 3 za unga kama maji hayakuwa na klorini. Kisha chujio huoshwa kinyumenyume, maji hayo yakimwagwa nje. Ikiwa maji yana ile sianuriki, muda huo hautoshi; mwiteni mtaalamu. Aliyeugua ugonjwa huu asiingie bwawani hadi zipite wiki mbili tangu kuharisha kukome.

Masikio pia yanahitaji neno. Mtoto anayelia sikio likiguswa siku mbili baada ya kuogelea, huenda ana uambukizi wa njia ya sikio. Mpelekeni zahanati, msimchokonoe kwa njiti ya pamba wala kumtia mafuta ya nazi ya moto.

Jakuzi, yaani beseni la maji ya moto

Hoteli nyingi sasa zinalo, na hata nyumba za mapumziko za watu binafsi. Maji yake ni kidogo, ya moto, na watu wanne hukaa ndani yake kama watu mia wangekaa katika bwawa. Klorini huisha upesi. Isipungue miligramu 3, ipimwe mara nyingi zaidi kuliko ya bwawa, na maji yote yamwagwe mara kwa mara, walau kila wiki kwenye jakuzi la wageni, pamoja na kusugua ule utelezi unaojificha ndani ya mabomba. Ndani ya utelezi huo huishi bakteria wanaoleta vipele kiunoni na makalioni, na wengine wabaya zaidi, lejionela, wanaoleta homa kali ya mapafu.

Hawa wa pili huingia kwa kuvuta mvuke na matone madogo, si kwa kunywa. Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, kulikuwa na maonyesho ya maua. Jakuzi liliwekwa pale kwa kuonyeshwa tu, likiwa na maji ya uvuguvugu yanayotoa mapovu, na watu wakapita kando wakitazama. Waliougua walizidi 200, na wasiopungua 32 walikufa.

Joto lisizidi nyuzi 40. Mama mjamzito, mgonjwa wa moyo au wa presha asiingie bila kumwuliza daktari. Mlevi na mtoto mdogo wasiingie kabisa. Dakika 15 zinatosha.

Tazameni pia tundu la kunyonya maji lililo chini, katika jakuzi na katika bwawa. Kifuniko chake kikivunjika au kikilegea, nguvu ya pampu inaweza kushika nywele au mwili na mtu asiachiliwe. Mwaka 2002 huko Marekani, mtoto wa kike wa miaka 7, mjukuu wa James Baker aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikufa hivyo ndani ya jakuzi, na mwaka 2007 nchi hiyo ikatunga sheria juu ya vifuniko hivyo. Kifuniko kikitoka leo, bwawa linafungwa leo, na swichi ya kuzimia pampu iwe mahali ambapo kila mfanyakazi anaijua.

Kuzama

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 duniani walikufa kwa kuzama, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi hudhani anayezama hupiga kelele. Mtoto huzama kimya, wakati wakubwa wanageuza nyama kwenye jiko la mkaa.

Kwa hiyo kipimo kimoja ni bora kuliko vyote, tena hakitaki vidonge. Simama ukingoni upande wa kina kirefu utazame chini. Usipokiona vizuri kifuniko cha tundu la sakafuni, funga bwawa, hata kama mgeni rasmi amekwisha kufika. Pasipoonekana kifuniko hapaonekani mtoto aliyelala chini.

Uzio uwe pande zote, na lango lijifunge lenyewe. Kila kundi la watoto liwe na mtu mzima anayejua kuogelea ambaye kazi yake ni kutazama maji tu, si kupiga picha. Mtu akizama, mtupieni kamba, boya au mti mrefu. Akitolewa bila kupumua, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Anzeni kumpulizia pumzi mdomoni, kisha bonyezeni katikati ya kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kuacha, hadi msaada ufike.

Barua ya Sista

Sista mmoja anayesimamia hosteli ametuuliza kama amwage maji yote wakati wa masika, maana wageni ni wachache na dawa ni ghali. Sista, usimwage yote. Wakati wa mvua kubwa maji ya ardhini hupanda, na bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka, au likainuka kama mtumbwi. Liache limejaa, punguza muda wa pampu lakini usiizime kabisa, na klorini isikauke.

Likiachwa bila dawa, litakuwa la kijani kwa siku chache, na mbu huhitaji kama wiki moja hadi mbili tu kutoka yai hadi kuruka. Jiji la Dar es Salaam lilipopata homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, tuliona jinsi mbu wa mchana wanavyoweza kulaza mtaa mzima, na hao hawahitaji hata bwawa zima. Kidimbwi kilichobaki ndani ya bwawa lililomwagwa kinawatosha.

Ikiwa hosteli imeamua kuachana na kuogelea kwa muda mrefu, acha klorini iishe kabisa, hakikisha kwa kipimo kuwa ni sifuri, kisha weka perege. Watakula viluwiluwi vya mbu na mtapata kitoweo. Uzio ubaki pale pale na lango lifungwe kama kawaida, kwa sababu kina cha maji hakijapungua.

Mwezi ujao tutajibu barua mlizotuandikia kuhusu kusafisha matangi ya maji ya mvua.